Jinsi ya kuijua kura yako kabla ya Agosti 2027, uwe na digrii au huna

Siku moja baada ya alasiri tulikuwa tumeketi kwa muuza kahawa karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa, watu sita saba hivi, na mazungumzo yakaishia pale pale yanapoishia kila siku, kwenye siasa. Kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi juzi akasema wazi kabisa ati kura ingefaa ipigwe na waliosoma peke yao, manake hawa wengine wapewa leso na mia mbili alafu sote twaumia miaka mitano. Mzee wetu wa kahawa hakupandisha sauti, aliendelea kumimina, akamuuliza tu: "Mwanangu, mtaro huu hapa mbele ukiziba, wamwendea nani?" Kijana akasema mbunge, si ndiye mwenye pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya majimbo. Mzee akamwambia la, mtaro ni wa kaunti, pesa yake iko kwenye bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo yapitishwa na wawakilishi wadi kabla mwezi wa sita haujaisha, na yeye mwenyewe alikwenda kwenye kikao cha maoni akasimama akauliza mbona mtaro wa mtaa wake haumo. Mzee huyu aliishia darasa la saba.

Mie nina digrii, na siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka tarehe 4 Machi 2013, uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya 2010, nilipopewa karatasi sita kwa mpigo na majina niliyoyajua vizuri yalikuwa ya karatasi mbili tu, ya rais na ya gavana. Zile nne nilipiga kwa kufuata rangi ya chama. Hilo laniuma mpaka leo, manake yule mwakilishi wadi niliyemchagua bila kumjua ndiye aliyekaa miaka yote ile akipitisha bajeti ya taka na zahanati ya mtaa wangu. Kwa hivyo haya nayoandika hapa ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, na nayaandika kwa yeyote anayetaka kuingia kituoni kwenye uchaguzi mkuu wa Kenya tarehe 10 Agosti 2027 akijua anachofanya.

Kwanza tuliweke sawa hili la chuo

Je, chuo kikuu chamfanya mtu awe mpiga kura anayejua zaidi? Kwa jumla jibu ni ndio, kiasi. Karibu kila mahali walipopima, waliosoma zaidi hujibu maswali ya siasa vizuri zaidi, wajua nani ana cheo gani na sheria yapita vipi. Lakini hebu tazama hili la Marekani, watafiti wawili, Delli Carpini na Keeter, walilinganisha majibu ya watu wa miaka ya 1940 na 1950 na yale ya 1989, na wakakuta ujuzi wa raia wa kawaida kuhusu siasa ulikuwa karibu pale pale, ilhali kwa miaka hiyo yote idadi ya waliofika chuo ilikuwa imepanda sana. Ingekuwa digrii yenyewe ndiyo yamwaga ujuzi kichwani basi nchi nzima ingekuwa imepanda nayo. Kuna pia wanaosema chuo hupewa sifa isiyo yake yote, manake wengi wanaofika chuo walitoka tayari kwenye nyumba zenye gazeti na redio na wazazi wanaozungumza mambo ya nchi wakila chakula cha jioni, kwa hivyo huenda nyumba ile ndiyo iliyofanya kazi kabla ya chuo.

Na karibu na kwetu, kule Busia, wasichana wa shule za msingi walishindania ufadhili wa masomo mwaka 2001 na 2002, watafiti wakarudi kuwatafuta miaka kadhaa baadaye. Wale wa shule zilizopata nafasi hiyo walijua siasa zaidi, na walikataa zaidi ile kauli kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe, hilo ni jambo kubwa na ningependa watu walikumbuke. Lakini mapenzi ya kabila hayakupungua, wala hamu ya kupiga kura haikuongezeka. Zimbabwe nako, ambako shule za sekondari zilifunguliwa kwa wengi baada ya uhuru wa 1980, watafiti walikuta waliosoma zaidi ndio waliojitenga na uchaguzi, waliona kura haibadilishi kitu chini ya utawala ule wakakaa nyumbani.

Nilipokuwa chuoni mwenyewe niliona uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukinunuliwa kwa chapati na kadi za simu, na kura zikigawanywa kwa kabila hosteli kwa hosteli, watu wote pale wakiwa na gredi nzuri za kidato cha nne. Sisemi hivyo kuwadharau, nilikuwa mmoja wao. Nasema hivyo ili mwenye cheti asijidanganye kwamba kazi hii ameshaimaliza.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho chuo chakupa kweli kweli hapa Kenya na watu hawakitaji, nacho ni Kizungu. Katiba yasema kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini chukua ripoti ya bajeti, chukua mswada wa fedha, chukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, vyote vyaja kwa Kizungu kigumu cha ofisini. Kwa hivyo yule mama anayeuza mahamri Kisauni si kwamba hana akili ya kuelewa bajeti, bajeti ya nyumba yake aiendesha kwa shilingi ambazo wengi wetu tungeshindwa nazo, ni kwamba amefungiwa mlango wa lugha. Juni 2024 tuliona mlango huo ukifunguliwa. Vijana waliutoa mswada wa fedha kwenye Kizungu, wakaueleza kwa Kiswahili na lugha nyingine, hata kwa lugha ya ishara, na ghafla watu sokoni wakawa wazungumza juu ya kodi ya mkate na ya magari, kifungu kwa kifungu. Tarehe 26 Juni rais akatangaza hatautia saini, siku moja baada ya damu kumwagika pale bungeni. Hiyo ndiyo kazi ya msomi ninayoijua mimi, kusoma na kumsomea mwenzake.

Haya, tuingie kwenye kazi.

Andika karatasi sita

Nunua daftari, la shilingi hamsini latosha. Gawa kurasa sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wadi. Juu ya kila ukurasa andika kazi ya kiti hicho kwa maneno yako mwenyewe, na usiende ukurasa wa pili kabla hujaelewa wa kwanza. Katiba ina tafsiri ya Kiswahili, na sehemu unayoitaka zaidi ni Jedwali la Nne mwishoni, pale ndipo kazi za serikali kuu na za kaunti zimegawanywa. Ni kurasa chache tu, zasomeka kwa kikombe kimoja cha chai.

Kwa ufupi na kwa mifano ya hapa kwetu: takataka, mitaro, masoko kama Kongowea, chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, zahanati na hospitali za kaunti, Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara ikiwemo, hizo ni za kaunti, yaani gavana ndiye anaendesha na mwakilishi wadi ndiye anapitisha bajeti na kumchunguza gavana. Polisi, bandari, barabara kuu, walimu wa msingi na sekondari, vyuo vikuu, hizo ni za serikali kuu. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kuichunguza serikali kuu, na CDF ni mfuko tu, ambao sheria yake ya 2015 ilitaka upewe angalau asilimia 2.5 ya fungu la serikali kuu, si mfuko wa kurekebisha kila kitu jimboni. Mwakilishi wa kike naye ni mbunge kamili aliyechaguliwa na kaunti nzima. Seneta anailinda kaunti Nairobi, hasa pale pesa zinapogawanywa, na katiba yasema kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana akiondolewa na bunge la kaunti, kesi yake yaenda Seneti.

Najua yaonekana kama somo la darasani lakini subiri nikupe mfano uone ni riziki ya watu. Agosti 2019 serikali kuu ilitoa amri makontena yapakiwe kwenye reli ya SGR moja kwa moja mpaka Nairobi na Naivasha. Unakumbuka ilivyokuwa. Madereva wa malori wakakaa bila kazi, yadi za makontena zikawa tupu, mama wa chakula na vijana wa gereji kuanzia Changamwe mpaka Mariakani wakakosa wateja, watu wakaandamana mjini. Mtaani kwetu wengi walimlaani gavana na mwakilishi wadi usiku na mchana, na wasomi walikuwemo, wakati bandari na reli ni za serikali kuu, hakuna mwakilishi wadi anayeweka saini pale. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile ilikwenda kinyume na katiba. Septemba 2022 rais mpya, siku ile ile ya kuapishwa, akatangaza shughuli za kutoa mizigo zarudi Mombasa. Sasa jiulize, hasira ile yote ilifaa iende kwenye karatasi gani? Ya rais, ya mbunge, ya seneta. Aliyeimalizia kwenye karatasi ya wadi alimwadhibu asiyehusika, na aliyehusika akapita.

Na kinyume chake pia. Mwaka 2022 kura yetu ya gavana haikupigwa pamoja na nyingine tarehe 9 Agosti kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa ya picha na majina ya wagombea, ikasogezwa mpaka 29 Agosti. Siku hiyo ilikuwa karatasi moja tu, ya mtu anayeendesha hospitali na taka zetu, na foleni kituoni kwangu ilikuwa fupi mno mpaka nikaona huruma. Wengi walisema, aa, kubwa ishapita. Jamani, kwa aliyelala Makadara na mgonjwa, kubwa ilikuwa ile.

Chagua shida moja tu

Usijaribu kujua kila kitu, utachoka wiki ya kwanza. Chagua jambo moja linalokugusa, maji ya mfereji yasiyotoka, dawa zisizopatikana zahanati, basari ya mtoto, chochote. Alafu ulifuate hilo moja mpaka ulijue kuliko mgombea yeyote. Mimi nilichagua taka kwa sababu jaa liko hatua mia mbili kutoka dirishani kwangu. Tangu hapo nikienda kwenye mkutano wa siasa sihitaji kubabaishwa, nasikiliza akifika kwenye taka nijue papo hapo kama asema kitu au atoa upepo.

Soma karatasi, na usiisome peke yako

Hapa ndipo wenye digrii wana deni kwa wenzao, na ndipo nataka tukae kidogo.

Karatasi zipo nyingi lakini mbili zatosha kuanza. Ya kwanza ni mpango wa kaunti wa miaka mitano, huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, humo ndimo serikali ya kaunti ilivyoahidi kwa maandishi, wadi kwa wadi. Ya pili ni ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, ofisi ya taifa inayotoa ripoti kila robo mwaka kuhusu kaunti zote 47. Unaipata bure kwenye tovuti yao. Ni kubwa, usiogope, tafuta jina Mombasa tu ndani ya faili na usome kurasa zake chache.

Ukifika pale tafuta namba nne. Bajeti yote ya mwaka ni ngapi. Zilizotumika kwenye maendeleo ni ngapi, manake sheria ya fedha za umma ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, na mara nyingi kwa kaunti nyingi kinachotengwa ni kimoja na kinachotumika ni kingine. Mapato ya kaunti yenyewe, yale ya vibali na maegesho na kodi za ardhi, walipanga kukusanya ngapi na wakakusanya ngapi. Na madeni ambayo hayajalipwa, haya ni pesa za watu kama wewe, aliyeleta mchanga, aliyeleta chakula cha wagonjwa, akazungushwa miaka. Ziandike hizo namba nne kwenye ukurasa wa gavana na ukurasa wa mwakilishi wadi, weka na mwaka, kisha mwaka ufuatao uandike tena chini yake. Miaka miwili tu ya namba utaona kitu ambacho hotuba mia haziwezi kukuonyesha.

Sasa vipi kama Kizungu kinakushinda? Usione haya. Mtafute mtoto wa jirani aliye chuoni, iwe TUM pale Tudor au Pwani kule Kilifi au popote, umwombe saa moja ya Jumamosi, na wewe uliye chuoni ukiombwa usiseme una kazi. Sisi twafanya hivi: mmoja asoma sentensi kwa Kizungu, aitoa kwa Kiswahili, alafu ambaye hakusoma aulizwa, hii mtaani kwetu iko? Ndipo utaona mambo. Tulisoma kwamba kazi fulani ya mtaro imekamilika, mama mmoja akasema mtaro huo mie nauruka kila asubuhi, umechimbwa nusu na kuachwa. Msomi peke yake angeiamini ile karatasi. Mama peke yake asingejua kuna karatasi inayosema umekamilika. Walipokutana ndipo swali lilipozaliwa, na swali lile tulilipeleka ofisini.

Kwenye kupeleka swali, hili ndilo watu wengi hawalijui, hata mawakili wachanga nimewaona hawalijui. Kifungu cha 35 cha katiba chakupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na sheria ya 2016 yasema waweza kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ofisi yapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika haki yake haipotei, afisa wa pale ndiye anatakiwa amsaidie maombi yake yaandikwe. Barua yenyewe si lazima iwe ndefu. Andika jina lako, andika "Naomba habari chini ya kifungu cha 35 cha katiba," taja unachotaka kwa usahihi, kwa mfano "kandarasi ya mtaro wa mtaa fulani, aliyepewa, kiasi alicholipwa na tarehe," weka saini. Peleka kopi mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita kimya, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo hupokea malalamiko ya aina hiyo. Ofisi moja ilinizungusha mara tatu, mara mkubwa hayuko, mara rudi kesho, lakini siku niliyokwenda na kopi yenye muhuri sauti zao zilibadilika.

Tarehe za kuweka kwenye simu: 1 Septemba ndiyo siku ya mwisho ya mpango wa mwaka wa kaunti kufika bunge la kaunti, 28 Februari ile karatasi ya mwelekeo wa matumizi, 30 Aprili makadirio ya bajeti, na 30 Juni yafaa yawe yamepitishwa. Vikao vya maoni ya umma vyatangazwa kati ya tarehe hizo, saa nyingine kwa notisi ya gazeti ambayo mtaani haifiki, kwa hivyo sikiliza redio zetu za Pwani na umpigie simu mwakilishi wadi wako umuulize lini. Yuko pale kwa kura yako, mpigie.

Hii ni ya wasomi zaidi: jipime mwenyewe

Mwaka 2013 mtafiti Dan Kahan na wenzake huko Marekani walifanya jaribio kwa watu zaidi ya elfu moja. Waliwapa jedwali la namba, wengine waliambiwa ni la dawa ya ngozi, wengine ni la sheria ya kukataza bunduki, namba ni zile zile. Kwenye dawa ya ngozi wanaojua hesabu walifanya vizuri zaidi, kama unavyotegemea. Kwenye bunduki, wale wale wajuzi wa hesabu waligawanyika zaidi kwa vyama kuliko wasiojua hesabu, manake akili yao waliitumia kuchunguza pale tu namba, kwa mtazamo wa haraka, zilipoonekana kupinga chama chao. Nilipolijua hili nilikaa kimya sana. Elimu yakupa wembe, na wembe huo waweza kuutumia kutetea uongo unaoupenda kwa ufundi ambao asiyesoma hana.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukisoma habari mbaya juu ya mgombea usiyempenda, futa jina lake kichwani uweke la unayempenda, kisha uisome tena. Je, ungeiamini? Ungeisambaza? Na ukisoma sifa za wako, mpe mpinzani sifa hizo hizo uone kama bado zakutosha. Mie nafanya hivi kwa kalamu, nakata jina naandika jingine juu yake, manake kichwani tu najidanganya haraka. Pia tafuta mtu mmoja anayepigia upande mwingine, asiwe wa kubishana naye, awe wa kumuuliza kwa nini, umsikilize mpaka amalize. Mimi ni shemeji yangu, na mambo mawili aliyoniambia yamo kwenye daftari langu leo kama maswali kwa mgombea wangu mwenyewe.

Ya WhatsApp sitasema mengi. Skrinishoti isiyo na tarehe wala chanzo usiisambaze, hata kama ametuma mwalimu wako wa chuo. Kumbuka mwaka 2018 wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza, walinaswa na kamera za siri za Channel 4 wakijisifu walivyofanya kazi kwenye kampeni za urais hapa kwetu 2013 na 2017. Watu walioko London walikaa wakapanga tuogope nini na tumchukie nani. Ujumbe ukikupandisha hasira ghafla, subiri mpaka kesho.

Kampeni zikifika mtaani

Leso itakuja, fulana itakuja, mia mbili itakuja. Kumhonga mpiga kura ni kosa kisheria kwa anayetoa na anayepokea pia, hilo lijulikane. Lakini siwezi kumtukana mama mwenye watoto watatu na sufuria tupu, nasema tu kura yako hakuna anayeiona ndani ya kile kibanda, hajainunua.

Uliza maswali yenye mwisho. "Utatufanyia nini?" halina mwisho, atakuimbia nusu saa. Uliza hivi: kiti unachokitaka kina uwezo gani juu ya hili jaa la taka, pesa utazitoa fungu gani, na mwaka wa kwanza tutaona nini? Anayegombea mwakilishi wadi akikuahidi polisi wapya au bandari, mwambie kwa adabu, mheshimiwa, hiyo si kazi ya kiti hicho. Anayegombea ubunge akikuahidi mitaro na taka, muulize anaijuaje bajeti ya kaunti. Na usikubali digrii yake iwe jibu. Kwa rais na gavana sheria yataka wawe na digrii, sawa, hiyo yaonyesha alikaa darasani. Muombe namba nne zile za Mdhibiti wa Bajeti. Akizijua, endelea kumsikiliza.

Jibu liandike kwenye ukurasa wake, na tarehe, na mahali aliposemea. Akichaguliwa utalihitaji.

Siku yenyewe

Hakikisha mapema umeandikishwa na wajua kituo chako, kitambulisho ukiweke pahali pamoja. Ingia na majina sita kwenye karatasi ndogo, hakuna aibu. Jioni, kura zikishahesabiwa, fomu 34A ya kura za urais yabandikwa nje ya kituo, nenda ukaipige picha, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliziweka fomu hizo kwenye tovuti yake, za vituo zaidi ya 46,000, kwa hivyo waweza kulinganisha picha yako na ya tume. Hilo halihitaji cheti, lahitaji simu yenye chaji.

Yule kijana wa siku ile kwa muuza kahawa alirudi wiki iliyofuata, na ripoti aliyoitoa kwenye simu, skrini imepasuka kona moja. Mzee alimsogezea kigoda cha kukalia akamwambia asome pole pole. Alipofika kwenye madeni ya kaunti mzee alimzuia kwa mkono, akamuuliza hiyo ni ya mwaka gani, na ya mwaka uliotangulia ilikuwa ngapi. Kijana hakuwa nayo. Aliitafuta palepale, bando likaisha katikati, mwingine akamwashia hotspoti. Jumamosi hii tuna ukurasa wa maji, baada ya alasiri, na tunahitaji mtu mmoja zaidi anayesoma Kizungu haraka.